Baiskeli Iliyopunguzwa

Meneja Alois alitaka mlemavu, na alimtaka kabla ya Alhamisi.

Alilisema jambo hilo bila kupunguza sauti, amesimama katikati ya behewa la mfano, mikono kiunoni, mafundi wamepiga magoti pande zote wakikaza nati za viti. Mabehewa yenyewe yalikuwa mtumba. Yalikuwa yamewabeba watu wa nchi nyingine kwenda kazini na kurudi hadi wakayachoka, ndipo yakaletwa Tabora, kwenye karakana ya kampuni, yavuliwe kila kitu na kuvikwa upya: sakafu mpya, viti vipya, nyaya mpya za umeme, rangi ya kung'aa. Yakikamilika, yangewachukua watu asubuhi kutoka vituo vya jirani hadi mjini na kuwarudisha jioni. Behewa la mfano lilikuwa limetangulia. Likipita kwa wakaguzi, mengine yote yaliyopangwa uani yangetengenezwa vilevile, tundu kwa tundu.

"Wanataka mtu wa kiti cha magurudumu apande mwenyewe mbele yao," Alois alisema. "Mwenyewe, bila kusukumwa. Nani anamjua mtu?"

Kornel Lugembe aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa seremala wa mtaa wa Mtendeni, na vitanda vyake vya mninga vilijulikana mpaka Nzega, lakini hapa karakana alikuwa kibarua. Kila mwisho wa mwezi alisimama getini kusikia kama jina lake litaitwa tena. Ubao wa kupandia uliokunjwa kwenye mlango mpana wa behewa aliupachika yeye.

"Ninaye binti, bosi."

"Ana nini?"

"Miguu. Tangu utotoni."

"Kichwa kizima? Anaongea vizuri?"

"Anafanya biashara Gongoni. Anauza asali."

"Na sura je?" Alois aliuliza. "Maana kuna wapiga picha. Nisije nikaletewa kinyago."

Mafundi walicheka. Kornel naye akacheka, kidogo, kwa kuwa meneja alikuwa amecheka. Nasema hili mapema ili msomaji asije akadhani mtu huyu alishikiwa panga shingoni. Alianza kumuuza binti yake kwa kicheko.

"Ni mzuri," akajibu.

"Basi mlete. Tukipita, kibarua chako kimekwisha. Nakupa ajira ya kudumu."

Jioni hiyo Benedikta, mkewe Kornel, alikuwa uani akichuja asali iliyotoka kijiji cha Ipole kwa kitambaa cheupe, nyuki wawili watatu wakimzunguka mikono kama wageni wasioaga. Kornel alikuwa bado hajamaliza kueleza pale mlio wa mnyororo uliposikika uchochoroni. Julieth alikuwa anarudi.

Kila mtu Mtendeni aliujua mlio ule. Baiskeli ya Julieth ilikuwa ya magurudumu matatu, ya kunyonga kwa mikono: gurudumu moja mbele lenye pedeli zake usawa wa kifua, mawili makubwa nyuma, na katikati kiti. Parokia ilimpa alipokuwa na miaka kumi na miwili. Mradi uliozileta baiskeli zile ulishafungwa zamani, na padri aliyeuanzisha alisharudi kwao. Kornel aliongezea sanduku la mninga nyuma ya kiti, lenye vitobo vya kusimamisha chupa. Kwa baiskeli hiyo Julieth alipita kwenye mchanga wa Mtendeni hadi lami ya Gongoni, akakaa siku nzima kando ya Marko fundi viatu, ambaye naye alikuwa na yake ya aina hiyohiyo, kisha akarudi mabega yamewaka moto na chupa tupu zikigongana. Sasa alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa na mabega kama ya mpiga makasia na ulimi wa kukata nazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Njoo usikie. Umepata kazi ya siku moja."

Julieth alisikiliza akifuta pedeli kwa ncha ya khanga. Aliposikia neno wakaguzi aliguna. Aliposikia neno picha akacheka.

"Wananitaka mimi, au wanaitaka miguu yangu?"

"Julieth!" mama yake akakemea.

"Nauliza tu, mama." Kisha akaacha mchezo. "Baba, niambie kweli. Nitapanda mwenyewe? Bila kubebwa?"

Neno kubebwa lilikuwa na uzito wake nyumbani pale. Julieth alibebwa utoto wake wote: kanisani, zahanati, stendi. Alijua harufu ya makwapa ya kila mwanamume wa mtaa. Alijua wanaoshika mgongo kwa heshima na wale ambao mikono yao huteleza mapajani, halafu husema pole, bahati mbaya. Siku alipopewa baiskeli aliizungusha uwanja wa kanisa mpaka wakamzuia. Tangu hapo hakuna mtu aliyemwinua kutoka mahali kwenda pengine isipokuwa mama yake, naye ni kwa kuombwa.

"Bila kubebwa," Kornel alisema. "Ule ubao nimeuweka mimi. Unapanda kama unaingia chumbani kwako."

Julieth alitazama mbali kidogo, kama mtu anayejionea jambo.

"Basi nitakuja," akasema. "Si kwa ajili ya picha zao."

Jumanne walifanya majaribio.

Baiskeli ilipanda ubao vizuri sana, na Kornel akatabasamu. Gurudumu la mbele likaingia. Kisha pedeli zikagonga fremu ya mlango, kulia na kushoto. Julieth akarudi nyuma, akazigeuza, akaingia tena kwa shida. Sasa akakutana na nguzo ya kushikilia iliyosimama katikati ya ukumbi wa mlango. Baiskeli ilikuwa ndefu mno kuizunguka. Akawa nusu ndani, nusu nje, mnyororo umekwaruza mpira mpya wa mlango.

"Angalia mpira!" Alois akapiga kelele. "Octavian! Hebu njoo uone hii kazi yako."

Octavian alikuwa mbunifu, kijana mpole kutoka Dar, mwenye kompyuta begani kila saa. Aliinama, akapima, akajikuna shingo.

"Nilichora kwa kiti cha kawaida. Kile cha kusukuma kwa magurudumu ya pembeni."

"Hapa kwetu hicho kiko hospitali tu," Julieth alisema. "Mtaani wote tuna hizi. Kwenye mchanga kile hakiendi."

"Nguzo inaweza kuhamishwa," Octavian akasema, kama anajisemea. "Na viti hivi viwili vikitoka, nafasi ipo. Lakini michoro imeshapitishwa. Kuibadilisha ni kuanza upya, wiki kadhaa, na ruhusa mpya."

"Alhamisi, Octavian. Wanakuja Alhamisi." Alois alimgeukia Kornel. "Mzee, asante kwa kujitolea. Tutatafuta mlemavu mwingine, mwenye kiti cha kueleweka."

Kornel aliiona ajira ya kudumu inateremka ubao ule na kuondoka zake. Aliona geti, mwisho wa mwezi, na nyapara akisoma majina. Miaka thelathini alikuwa fundi, na dawa ya fundi seremala ni moja: kitanda kisipopita mlangoni, huvunji ukuta wa mwenye nyumba. Unakifungua kitanda, unakipitisha vipandevipande, unakiunga ndani. Ameifanya mara ngapi!

"Niachieni mimi," akasema. "Nitaipunguza."

"Utapunguza nini?"

"Baiskeli. Nakata hii shingo ya mbele, naweka vigurudumu vidogo. Baada ya ukaguzi naiunga tena ilivyokuwa."

Julieth alikuwa amekaa palepale juu ya ubao, kati yao, mikono kwenye pedeli.

"Dada," Octavian akauliza, "wewe unasemaje?"

Julieth alifungua mdomo.

"Atakubali," Kornel akajibu.

"Vizuri," Alois akasema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Aliyechomelea vyuma karakana alikuwa Masolwa, mzee wa Kisukuma asiyependa maneno mengi. Aliipindua baiskeli, akagonga bomba la shingo kwa nyundo ndogo, akasikiliza.

"Kornel, bomba hili ndani ni kutu tupu. Rangi ndiyo inayolishikilia. Kulikata nitalikata, ila sijui kama litarudi."

"Mninga ukikatwa ukaungwa na fundi unakuwa imara kuliko mwanzo."

"Mninga hauli kutu, ndugu yangu."

Kornel alimtazama binti yake, ambaye walikuwa wamemkalisha juu ya boksi la nati, bila kumuuliza, vijana wawili wakimshika huku na huku.

"Baba," Julieth alisema polepole, "usikate."

"Ni siku mbili tu, mama."

"Nakuomba."

"Unataka nirudi getini kila mwezi kama ombaomba? Mama yako achuje asali mpaka macho yapofuke? Siku mbili, Julieth! Kwani mimi ni nani, si baba yako?"

Msumeno wa umeme ukalia, cheche zikaruka, na gurudumu la mbele pamoja na pedeli zake likaanguka sakafuni. Mahali pake Masolwa alipachika vigurudumu viwili vilivyong'olewa kwenye toroli kuukuu la chai lililokuja na mabehewa.

Alhamisi Julieth alipendeza. Benedikta alimsuka, akamvika gauni la Pasaka. Alifikishwa karakana na gari la kampuni, na kwenye saruji laini ya jukwaa alikisukuma kiti kwa kuzungusha magurudumu makubwa kwa viganja. Kiliteleza kama mshumaa uliopakwa samli. Alipanda ubao, akaingia mlangoni bila kugusa popote, akaizunguka nguzo, akasimama kwenye nafasi yake kando ya dirisha. Watu wakapiga makofi. Na hapa sitasema uongo: Julieth alifurahi. Aliishika nguzo, akatazama nje kupitia kioo, na kwa dakika ile alikuwa abiria kama abiria yeyote, hakuna mkono wa mtu mwilini mwake.

Kiongozi wa wakaguzi alikuwa mama wa makamo, Recheli, mwenye miwani na sauti ya chini. Wenzake walipokuwa wakijaribu taa na milango ya umeme, yeye aliketi kando ya Julieth.

"Umependa?"

"Nimependa, mama."

"Nikuulize. Hiki ndicho kiti unachotumia kila siku?" Alikuwa akivitazama vigurudumu vile vya toroli. Chuma kilichochomelewa kilikuwa bado cheusi. "Nauliza kwa sababu ukiniambia sicho, nawarudisha mezani wapanue hapa. Kazi yangu ndiyo hiyo."

Kornel alikuwa hatua chache tu, ameshika bisibisi isiyokuwa na kazi. Alisikia kila neno. Pembeni yake Alois alikuwa ametabasamu kwa meno, macho yake hayakuwamo katika tabasamu hilo.

Julieth alimtazama baba yake. Angeweza kutikisa kichwa, mzee yule. Angeweza kusema neno moja, hapana, na kila kitu kikawa kingine. Badala yake alimwangalia binti yake kwa macho ya mtu anayeomba maji.

"Ndiyo," Julieth akasema. "Ndicho."

Recheli alisubiri kidogo, kama anayempa nafasi. Kisha akaandika, akainuka, akamshukuru.

Ijumaa Kornel alitia saini ajira ya kudumu. Jumamosi akamleta Masolwa nyumbani kwake na mtungi wake wa gesi, wairudishe baiskeli ilivyokuwa.

Masolwa alijaribu tangu asubuhi. Kila alipounga, bomba lilitoboka pembeni ya kiungo. Akiziba pale, linatoboka hapa, kama kanzu kuukuu inayoshonwa inachanika kando ya uzi. Alikata akitafuta chuma kizuri, akakuta hakipo. Mwishowe alizima moto, akavua miwani.

"Nilikwambia," alisema, na hakutaka hata chai.

Kikabaki kiti chenye vigurudumu vya toroli. Julieth alijaribu kutoka nacho. Alifika mita chache nje ya ua, vigurudumu vikazama kwenye mchanga wa Mtendeni, kiti kikainama mbele, naye akaenda nacho, uso kwanza. Chupa mbili zikapasuka. Watoto wa jirani walikuja kumwinua, kisha wakaanza kulamba asali kwenye vipande, akawa ndiye anayewafukuza wasijikate, amelala palepale.

Jumatatu Kornel alikwenda kwa Alois, kofia mkononi.

"Bosi, ile baiskeli ya binti haikurudi. Nilikuwa naomba kampuni itusaidie nyingine."

"Nyingine ya nini? Kiti si anacho?"

"Anacho, lakini..."

"Lakini nini? Wakaguzi wamemuuliza, kasema ndicho anachotumia kila siku. Mimi nikitoa kingine nitakuwa nakiri tuliwadanganya. Wewe uliwadanganya wakaguzi, Kornel?"

"Hapana, bosi."

"Basi rudi kazini. Milango kumi na moja inakusubiri."

Akarudi. Akapachika nguzo katikati ya kila ukumbi wa mlango, moja baada ya moja, kwa vipimo vilevile.

Picha ya Julieth ilibandikwa mji mzima: sokoni, stendi, hadi ukuta wa duka la Gongoni alipokuwa akiuzia. Anatabasamu dirishani mwa treni ya umeme, na chini yake maandishi makubwa: TRENI YA WOTE. Siku ya uzinduzi kampuni ilituma gari limchukue, kwa kuwa picha bila mwenyewe isingenoga.

Marko fundi viatu naye alikuja. Alinyonga baiskeli yake kutoka Gongoni akiwa na shati jeupe, na nyuma yake wenzake watatu, baiskeli zao wamezifunga vitambaa vya rangi kama za arusi. Marko alikuwa amepata nafasi ya kushona viatu vya wanafunzi wa shule moja ya bweni, kituo cha pili kutoka mjini. Alikuwa ameomba ashikiwe nafasi ile hadi treni hii ianze.

Julieth alitangulia kupanda, kiti kikateleza kama siku ile, makofi. Kisha Marko akapanda ubao. Pedeli zikagonga fremu ya mlango. Akarudi, akageuza, akaingia, akakutana na nguzo. Nyuma yake foleni ya wenye miguu ikaanza kunung'unika.

"Toa hilo dude, tunachelewa!"

"Subirini kidogo." Marko alikuwa anatoka jasho. Alimwona Julieth ndani. "Julieth! Wewe ulipitaje hapa? Waambie wanifungulie upande ule ulioupitia."

Julieth hakuwa na upande wa kumwonyesha. Aliweka mikono juu ya mapaja yake yasiyosikia kitu, na Marko akashusha macho kwenye vigurudumu vya toroli, akavitazama kwa muda.

Alois alifika akicheka na wageni. Alielewa mara moja, na lazima tumpe haki yake, alikuwa mtu wa kupata ufumbuzi haraka.

"Ndugu zangu, msiwe na wasiwasi! Fundi wetu Kornel yupo, huyu hapa. Alimpunguzia binti yake, atawapunguzia na ninyi. Bure kabisa, kampuni inagharamia. Jumamosi nyumbani kwake."

Wageni wakapiga makofi. Octavian alikuwa karibu. Alifunga begi la kompyuta yake, akaenda kusimama upande mwingine wa jukwaa. Wale wanne walirudishwa nyuma kwa kusukumwa, milango ikafungwa kwa mlio mtamu wa umeme, na mpira alioupachika Kornel ukabana vizuri, hata vumbi halikupita.

Jumamosi Marko alifika peke yake. Mlio wa mnyororo ulipoingia uchochoroni, Benedikta aliacha kuchuja asali, akaingia ndani. Julieth alikuwa kwenye mkeka ukutani, chupa zake zimepangwa mbele yake pale ambapo hapiti mteja.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Marko," Kornel alisema. Kampuni ilikuwa imempa msumeno wa umeme kwa kazi hiyo. Ulikuwa juu ya benchi.

"Shikamoo mzee. Nimeleta baiskeli." Marko hakumtazama usoni. "Shule imesema itanisubiri hadi Jumatatu tu."

Kornel aliinama, akagonga bomba la shingo kwa kifundo cha kidole, kama alivyoona Masolwa akifanya. Lilitoa sauti ya kitu kitupu. Alijua. Akanyoosha mkono kuchukua msumeno.

"Ngoja kwanza, mzee." Marko alimgeukia Julieth. "Dada, tumekaa wote barazani miaka minane. Niambie. Kwenye treni, ulipanda mwenyewe kweli?"

"Nilipanda mwenyewe."

"Raha?"

"Raha, Marko. Sijapata kuona raha kama ile."

"Na tangu siku hiyo, nyumbani hapa, unatokaje?"

Julieth alisogeza chupa moja, ikawa sawasawa na nyingine.

"Nabebwa," akasema.

Marko aliishika pedeli, akaigeuza baiskeli pale pale uani, akatoka bila kuaga, na mnyororo ukasikika mpaka barabarani. Jumatatu ile treni iliondoka bila yeye, na shule ikapata fundi mwingine.

Lakini Jumamosi hiyo, Marko alipotoka tu, simu ya Kornel ikalia. Alikuwa Alois. "Umepunguza wangapi? Nataka watatu wa picha." Kornel akajibu kwamba bado, bosi, lakini watakuja.

Jua lilikuwa limefika ukutani, na Julieth alitaka kwenda chooni. Mama yake alikuwa ameumia mgongo wiki hiyohiyo kwa kumwinua. Kornel aliuweka msumeno chini, akaja mbele ya mkeka, akamgeuzia mgongo, akachuchumaa. Magoti yake yalilia. Alisubiri. Alihisi mikono miwili mizito, yenye nguvu, ikimpapasa mabega, ikitafuta shingo, ile mikono iliyokuwa ikinyonga kutoka Mtendeni hadi Gongoni na kurudi.

"Inama zaidi, baba," Julieth akasema. "Sijakufikia."